Mpini wa Rubani: Maneno kwa Vijana wa Karakana ya Dumila

Wanangu, nitasema taratibu, maana nguvu ya kupandisha sauti nimeshaimalizia kwenye mambo mengine. Mlichokileta mezani kwangu ni kazi nzuri. Kichwa cha simba kimetoka, manyoya ya shingoni yanahesabika, macho yanakutazama. Mpingo mmeupiga msasa mpaka unang'aa. Hakuna atakayesema hamjui kuchonga. Lakini mteja wenu hakuagiza kinyago. Aliagiza mpini wa fimbo ya kuongozea ndege, ndege anayoijenga mwenyewe kwa mikono yake huko aliko. Siku atakapoimaliza ataingia, atafunga mkanda, ataushika mpini huo, na tangu magurudumu yatakapoacha ardhi mpaka yatakapoigusa tena hatauachia. Nataka mlifikirie hilo kabla ya kufikiria bei.

Najua baadhi yenu mnajiuliza mzee anayekaa kivulini hapa njia panda ya Kilosa, akichonga mipini ya mashoka na majembe, anajua nini habari za ndege. Nyie wadogo hamjui, ila baba zenu wanajua. Ujana wangu uliishia kwenye karakana ya ndege Dar es Salaam, kitengo cha mambo ya ndani: viti, sakafu, vifuniko. Sikuwa mhandisi na sikuwahi kurusha ndege. Nilikuwa mtu wa patasi na gundi kati ya watu wa spana. Lakini niliona jinsi wale watu wa spana walivyoiheshimu fimbo ile. Alikuwepo fundi mkuu mmoja, mtu wa maneno machache. Tukisharudisha sakafu ya chumba cha rubani, aliketi kitini, akafumba macho, akaisukuma fimbo mbele mpaka ikagota, akaivuta nyuma mpaka ikagota, akailaza kushoto, akailaza kulia, kisha akaizungusha pembe zote nne polepole, kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Akisikia mkwaruzo, hata mdogo, alifumbua macho na kusema neno moja: "Toeni." Tulikuwa tunaitoa sakafu yote upya. Mara nyingi ilikuwa waya uliokaa vibaya. Siku moja ilikuwa bisibisi.

Hakuna aliyegombana naye. Hata wakubwa waliokuwa wanaisubiri ndege ile itoke walinyamaza.

Fimbo yenyewe ni kitu chepesi kukieleza. Kwenye ndege ndogo nyingi inasimama katikati ya mapaja ya rubani. Akiivuta, ndege inainua pua. Akiisukuma, inainamisha. Akiilaza upande, ndege inalalia upande huo. Chini ya sakafu kuna vyuma na kamba za chuma zinazopeleka mwendo huo mkiani na kwenye mbawa. Watu hawakuanza nayo. Mwaka 1903 ndugu wawili wa ukoo wa Wright walipoirusha ndege yao kule Marekani, mrushaji alilala kifudifudi na kuzipinda mbawa kwa kusogeza kiuno. Wazo la fimbo moja ya mkononi lilikuja baadaye, na Mfaransa Robert Esnault-Pelterie anatajwa kuwa mwanzilishi wake, mwaka 1907. Tangu hapo injini zimebadilika, mbawa zimebadilika, redio zimeingia, lakini kwenye ndege hizi ndogo mkono wa rubani umebaki palepale.

Wala msidhani seremala ni mgeni kwenye kazi hii. Ndege za zamani zilikuwa mbao na kitambaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga ndege ya kivita iliyoitwa Mosquito kwa mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, na vipande vyake vingi vilitoka kwenye karakana za watu waliozoea kutengeneza viti na makabati. Kwa hiyo sikuwaiteni hapa kuwakataza. Nafurahi kwamba kazi kama hii imefika Dumila, mahali ambapo watu wa mabasi ya Dodoma wanapajua kwa nyanya na vitunguu tu.

Na hii habari ya watu kujijengea ndege si hadithi. Marekani wana chama chao tangu mwaka 1953, na sheria yao inamtaka anayejijengea ndege ya namna hiyo afanye zaidi ya nusu ya kazi yeye mwenyewe, si kuwalipa wengine wamjengee. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, wengi wao wa umri wa sekondari, waliiunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kutoka kwenye vipande vya kiwanda, wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo. Kampala, Mganda Chris Nsamba alianza kujenga ndege nyuma ya nyumba ya mama yake. Na hapa kwetu, ukishuka na barabara hii ukapita Dakawa ukaingia Morogoro mjini, kuna kampuni ya Airplanes Africa Limited inayounganisha Skyleader 600, ndege ndogo ya viti viwili yenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Hiyo ni ndege ya kiwanda. Akija mtu akawaambia mbadilishe mpini wa ndege ya kiwanda, mwelekezeni kwa watengenezaji wake na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, mrudi kwenye makochi yenu. Fundi wa kando ya barabara haigusi ndege iliyokwisha kupewa cheti, hata kama ni skrubu moja. Mteja wenu ni mtu mwingine: anajijengea, anawajibika mwenyewe, na ana wakaguzi wake nchini kwake. Hata hivyo mkaguzi atatazama mbawa, injini, mafuta. Mpini ataushika mara moja na kupita. Atakayejua undani wake ni yule aliyeutoboa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo lililonifanya niwaite.

Mwaka 1997, tarehe 12 Oktoba, John Denver, yule mwimbaji wa Marekani ambaye nyimbo zake zilipigwa sana hata huku kwetu, alianguka baharini karibu na Monterey, California, akiwa peke yake kwenye ndege ndogo aina ya Long-EZ. Ndege ile haikutoka kiwandani. Ilijengwa na mtu binafsi kwa kufuata michoro ya mhandisi Burt Rutan, na Denver aliinunua ikiwa imeshajengwa. Kwenye michoro, koki ya kuchagua tangi la mafuta iko mbele ya rubani, anaifikia bila kujipinda. Aliyeijenga aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hakuwa mzembe. Alikuwa na sababu yake: hakutaka mabomba ya mafuta yapite sehemu anayokaa mtu. Ukiisikia sababu hiyo utaikubali. Lakini matokeo yake yakawa kwamba rubani anayetaka kubadilisha tangi lazima aachie fimbo, avuke kifua kwa mkono wa kulia na ageuze mwili mzima kutazama nyuma. Na koki ilikuwa ngumu. Siku ile, kabla hajaruka, fundi wa uwanjani alimpa koleo la kubana ili alirefushe lile shikio la koki. Wakajaribu, bado haikufikika vizuri. Akaruka na mafuta kidogo, akitegemea safari fupi. Wachunguzi walipomaliza kazi yao walieleza kwamba inaelekea alipojipinda kuitafuta koki mguu wake ulikandamiza pedali, na ndege ikamponyoka. Walitaja pia mafuta yale machache na kwamba hakuwa ameizoea ndege ile. Lakini huyu alikuwa rubani mwenye saa zaidi ya 2,700 angani. Mtu mzoefu kiasi hicho alifanywa mgeni na shikio lililowekwa mahali pasipofikika.

Sikuisimulia habari hii ili kuwatisha. Nataka mwone kwamba mtu aliyeihamisha koki alikuwa anafikiria mabomba. Hakufikiria mkono. Na nyie mlipokuwa mnachonga simba mlikuwa mnafikiria simba.

Ushikeni huu mpini, kila mmoja kwa zamu. Kidole gumba kinaangukia wapi? Kinaangukia kwenye pua ya simba. Swichi ya redio mmeiweka kwenye utosi, kwa sababu usoni mngeharibu sura. Basi ili azungumze na mnara wa kuongozea ndege, mtu huyu lazima aunyanyue mkono, alegeze vidole vitatu, ndipo abonyeze. Atafanya hivyo wakati gani? Wakati anakaribia kutua, upepo wa pembeni unamsukuma, na ndiyo dakika ambayo hatakiwi kulegeza hata kidole kimoja. Masikio nayo yamesimama. Akivaa shati la mikono mirefu, kishikizo kinaweza kunasa kwenye sikio akirudisha mkono kutoka kwenye vifaa vya mbele. Huyo simba msimtupe. Mkateni mumtengenezee kitako, mmpelekee mteja kama zawadi ya kuweka mezani, naye atafurahi. Mpini mtauanza upya.

Mtauanza kwa kuuliza. Mteja kawatumia picha ya mpini alioupenda. Picha ya kiti hajatuma, wala hamkumwomba. Sisi tukichonga mpini wa jembe tunamtazama mlimaji: ni mrefu au mfupi, anainama au anasimama. Huyu hamjamwona. Mwombeni apigwe picha akiwa amekaa kitini, mkanda umefungwa, amevaa anavyovaa akiruka. Apigwe fimbo ikiwa mbele kabisa, nyuma kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Apime kwa rula kutoka ncha ya bomba la fimbo mpaka tumboni fimbo ikiwa nyuma, na mpaka kwenye ubao wa vifaa fimbo ikiwa mbele. Mkipewa nafasi ya vidole viwili tu, hamwezi kuongeza mpini unaochomoza urefu wa kiganja. Ndege ndogo inapotua, rubani huivuta fimbo nyuma karibu mpaka mwisho. Mpini ukigota kwenye kifungo cha mkanda kabla fimbo haijafika mwisho wake, pua haitainuka kiasi inachotakiwa, na ardhi haitasubiri. Na kumbukeni kwamba fimbo ndefu zaidi hubadilisha mwendo: mkono utasafiri mbali zaidi, na uzito ambao rubani alizoea kuusikia utapungua. Yeye ndiye wa kuamua kama anayataka mabadiliko hayo. Kazi yenu ni kumwambia mapema.

Mwulizeni pia anairusha kwa mkono upi. Kwenye ndege ya viti viwili sambamba, mkono mmoja unakuwa kwenye fimbo na mwingine kwenye kifaa cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kuna ndege ambazo aliyekaa kushoto hushika fimbo kwa kulia, na kuna ambazo hushika kwa kushoto. Mmechonga mashimo ya vidole vya mkono wa kulia. Akiushika kwa kushoto, kila shimo litakuwa limegeukia upande usio wake. Kwa maoni yangu mashimo ya vidole yasiwe ya kina hata kama mkono unajulikana. Marubani niliowasikia wakifundishana walikuwa wakiambiana waishike fimbo kwa wepesi, kwa vidole, si kwa ngumi. Mpini mnene na wenye makorongo unaualika mkono ukaze. Ufanyeni mwembamba kidogo kuliko mnavyodhani inafaa, uwe na tumbo dogo katikati na kiuno kidogo chini ili usiteleze.

Swichi nayo muizamishe kidogo, uso wake uwe sawa na mbao au chini yake. Mnajua kwa nini? Swichi iliyochomoza ikigandamizwa na paja au ikakwama, redio inabaki inatangaza bila mwenyewe kujua. Masafa yale ni ya watu wote. Ndege nyingine zote zilizo karibu zitasikia mvumo tu, hakuna atakayeweza kusema wala kujibiwa. Mtu mmoja aliyekwamiwa na swichi anawafunga midomo wenzake angani. Kwa hiyo chagueni swichi nzuri, inayorudi yenyewe, na tundu lake mlisafishe vumbi la mbao mpaka lisibaki hata chembe.

Tuje kwenye mti. Nimeuona mpingo mkononi mwenu na roho yangu ilishtuka mara mbili. Kwanza kwa sababu ya mpingo wenyewe. Huo ndio mti wa taifa letu, na unachukua zaidi ya miaka 70 mpaka ufike kukatwa kwa faida. Huko nje wanautengenezea zumari, hapa ndio uliowalisha wachongaji wetu wa Kimakonde. Mkiwa na kipande kilichobaki cha kazi halali, sawa. Kama mmeununua kwa mtu wa bodaboda usiku bila hati ya Wakala wa Misitu, mmejiingiza kwenye jambo ambalo siwezi kuwatetea. Na kuupeleka nje ya nchi kuna masharti yake, kwa kuwa tangu mwaka 2017 jamii yake yote ya miti imewekwa kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kaulizeni ofisi ya misitu kabla hamjafunga kifurushi. Na vumbi lake msilivute, wengine huwashwa ngozi na kubanwa kifua.

Pili ni uzito. Mpingo ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Mpini wenye urefu wa sentimita 12 na unene wa sentimita nne, ukishatobolewa tundu la bomba, utakuwa na gramu kama 140 ukiwa wa mpingo, na kama nusu ya hapo ukiwa wa mninga. Mtasema gramu 70 ni kitu gani, hata kitunguu kinazidi. Lakini uzito huo hauko mfukoni, uko juu kabisa ya fimbo. Ndege ikikata kona kali, imelala digrii 60 bila kupoteza kimo, kila kitu ndani yake kinakuwa na uzito maradufu: mtu, begi, na mpini. Uzito ule wa juu unataka kuivuta fimbo upande ilikoinamia. Kwenye ndege ambayo fimbo yake ni nyepesi, rubani ataliona badiliko hilo mkononi. Mzigo wa bure juu ya fimbo hauna faida yoyote kwake.

Kwa hiyo tumieni mninga. Ni mwepesi, unakubali patasi, na hauchezi sana ukishakauka. Au mtiki, tuna bahati ya kuwa karibu na shamba la miti la Mtibwa, na vipande vidogo vya mtiki hamtakosa Turiani. Chagueni kiini, si ile sehemu nyeupe ya nje. Nyuzi ziende kwa urefu wa mpini, zinyooke, kusiwe na fundo hata moja karibu na tundu. Fundo linapendeza ukilipaka mafuta, najua. Lakini ufa huanzia hapo.

Na ukavu, wanangu, ukavu. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu nimesema habari za mbao mbichi tangu baba zenu wakiwa wanafunzi wangu, na bado kila masika milango ya watu inagoma kufunga. Sikilizeni inavyokuwa kwenye mpini. Mbao ikikauka hunywea, na inanywea zaidi upande wa upana kuliko urefu. Tundu mlilolitoboa likiwa duara litakuwa kama yai. Bomba la chuma lililo ndani halinywei. Mbao inabana, bomba linakataa, mwisho mbao inapasuka kutoka tundu kwenda nje. Ikiwa kinyume, mmeitoboa kiangazi ikaenda mahali pa unyevu, itavimba, tundu litapanuka, na mpini utaanza kuzunguka kwenye bomba. Hapa Dumila tunakaa mahali pagumu kwa jambo hili. Mwezi wa nne hewa imejaa maji, na ukipanda tu kuelekea Gairo na Dodoma unakuta upepo mkavu. Hamjui mteja wenu anakaa kwenye hewa gani, basi mwulizeni na hilo.

Kipande mkikikata kwa ukubwa wa kukaribia, kiwekeni darini, si juani. Kila wiki kipimeni kwenye ule mzani wa dukani kwa mama wa mchele, muandike kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, mbao imekubaliana na hewa. Hapo ndipo mtoboe. Na mtoboe kipande kikiwa bado na pembe nne, kimebanwa kwenye jiriwa, kabla ya kukereza au kuchonga chochote. Mlivyofanya nyie, mkachonga kwanza halafu mkatafuta katikati kwa jicho, keekee imepotoka. Angalieni, upande huu ukuta wa mbao una unene wa kidole, upande huu hauzidi kucha. Tundu litangulie, umbo lilifuate tundu. Njia ya waya itokee kwenye tundu la bomba mpaka kwenye swichi, ilainishwe kwa msasa uliokunjwa, kwa sababu waya utakaa humo ukitikiswa na injini kila siku, na ukingo mkali utaula polepole. Waya uachiwe ulegevu chini, fimbo iende pembe zote bila kuuvuta, lakini usiwe mrefu wa kuning'inia ukanasa.

Kuufunga mpini kwenye bomba, msiamini gundi peke yake, na skrubu isishike kwenye mbao tupu. Wekeni kipande cha shaba chenye meno ndani ya mbao, skrubu ipite humo. Kuna watakaowaambia mtoboe mbao na bomba kwa pamoja mpitishe bolti, na kweli hautatoka. Lakini bomba lile si mali yenu kulitoboa. Limepimwa na aliyechora ndege, na tundu ni udhaifu. Kama mteja anataka bolti, aulize kwa mwenye michoro, atoboe mwenyewe, nyie mtengeneze mbao ifuate tundu lake. Yote yaliyo chini ya mpini, vyuma, kamba, msishauri, msiguse, hata akiwabembeleza kwa sababu anawaona mnajua. Mkishaufunga kwenye bomba la majaribio, mmoja aushike auzungushe kwa nguvu zake zote, mwingine avute juu. Ukisogea hata kidogo, mmerudi kwenye jiriwa.

Vanishi ya kung'aa msipake. Kiganja chenye jasho kitateleza, na joto la ndani ya kioo linaikwangua vanishi vipande vipande. Mafuta ya kitani, tabaka jembamba, siku ya kukauka, tena tabaka jembamba. Matambara yenye mafuta hayo msiyafungie kwenye kona ya karakana, yatandazeni nje, yanaweza kushika moto yenyewe.

Mnanitazama kama mtu anayewaongezea mzigo, na mteja ameshalipa nusu. Mwandikieni leo. Mwambieni kazi ya kwanza hamtaituma kama mpini, mnataka picha nne na vipimo viwili, na kwamba mbao itakaa darini kabla ya kutobolewa. Akikasirika, mrudishieni hela, nitawasaidia kuitafuta. Akikubali, mtajua mnafanya kazi na mtu anayeijua ndege yake. Na bei muiandike upya mkiwa mmehesabu wiki za kusubiri, maana hizo nazo ni kazi, hata kama hakuna aliyeshika randa. Juma, kale kakipande ka mninga kalikobaki kwenye fremu za madirisha ya zahanati kapo juu ya dari nyumbani kwangu, kamekaa misimu mingi. Kesho asubuhi nenda na ngazi, ukapime uzito wake kabla jua halijapanda, uniletee namba.